Fangasi Sugu Hospitalini: Jina Lakosekana Kabla ya Dawa

Tarehe 1 Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti mbili za kwanza za aina yake kuhusu maambukizi makali ya fangasi: moja ya dawa, nyingine ya vipimo. Ile ya dawa ndiyo iliyovuma. Ilieleza kwamba katika miaka kumi iliyotangulia ni dawa nne tu mpya za fangasi zilizoidhinishwa Marekani, Umoja wa Ulaya au Uchina, na kwamba kati ya dawa tisa zilizokuwa zikijaribiwa kwa binadamu, tatu tu ndizo zilizofika hatua ya mwisho ya majaribio. Miezi michache baadaye, Julai 2025, serikali ya Uingereza ikathibitisha kwamba inaufunga Fleming Fund, mfuko ulioanzishwa 2015 kuzisaidia nchi mbalimbali, Kenya ikiwamo, kufuatilia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, hitimisho jepesi linajileta lenyewe: dawa hakuna, pesa za ufuatiliaji nazo zimekatika, basi hospitali za Mombasa hazina la kufanya ila kungoja.

Hitimisho hilo si sahihi, na kosa lake litawagharimu wagonjwa. Ripoti ya pili, ile ya vipimo, ndiyo iliyotuhusu zaidi. Ilisema vipimo vipo, lakini vingi vinategemea maabara zenye vifaa kamili na watu waliofunzwa, hivyo haviwafikii wagonjwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Pwani yetu pengo la kwanza si dawa mpya, wala si mashine ya mamilioni. Ni jina. Fangasi aliyeota kutoka damu ya mgonjwa akiandikwa "Candida", jina la kundi zima, bila spishi, yaani aina yake hasa, hakuna anayejua dawa gani itamfaa, hakuna anayejua kama aliyelala kitanda cha pili ana huyohuyo, na hakuna hesabu yenye maana itakayofika kaunti. Sehemu kubwa ya pengo hilo inazibika kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya hospitali ya rufaa, mradi vitumike kwa mpango.

Mhusika mkuu ni Candida auris. Alielezwa mara ya kwanza 2009 nchini Japani, akiwa ametolewa kwenye tundu la sikio la mgonjwa, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya sikio. Hivi karibuni wataalamu wa uainishaji wamempa jina jipya, Candidozyma auris, kwa hiyo mhudumu wa maabara asishtuke akikutana na majina yote mawili. Oktoba 2022 WHO ilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa kupewa kipaumbele, 19 kwa jumla, auris aliwekwa katika kundi la juu kabisa pamoja na Cryptococcus neoformans, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Wala si habari ya ng'ambo. Katika hospitali moja ya rufaa jijini Nairobi, uchambuzi wa wagonjwa 201 waliopatikana na Candida katika damu kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016 ulionyesha kwamba asilimia 38 kati yao walikuwa na auris, akimpita albicans aliyezoeleka. Linaloumiza ni kwamba mwanzoni fangasi huyo alikuwa akitambuliwa kama jamaa yake, Candida haemulonii. Alikuwa wodini, akionekana kwenye sahani za maabara, ila akiitwa jina la mwingine.

Utafiti huohuo una mambo mawili ambayo watu hupenda kuyaruka. La kwanza, wagonjwa wa auris walikuwa wamekaa hospitalini wastani wa siku 32 kabla damu yao haijaonyesha fangasi, wale wa albicans siku 13. Huyu basi ni mgonjwa aliyeingia kwa jambo jingine, akawekewa mrija wa mshipani, akapewa antibayotiki nzito, na fangasi akamfuata humohumo. La pili, vifo. Miongoni mwa wenye auris walifariki asilimia 29, na miongoni mwa wenye albicans asilimia 36. Takwimu hizo hazikurekebishwa kwa umri wala uzito wa maradhi, lakini zinatosha kumzuia mtu asiandike kwamba auris peke yake ndiye muuaji na wengine ni wapole. Hatari ya auris iko katika tabia tatu zinapokutana: anashika ngozi ya mtu kwa miezi bila kumuuguza, anakaa kwenye vitanda na vifaa, na mara nyingi hasikii dawa ya kwanza tunayomkimbilia.

Dawa hiyo ya kwanza ni fluconazole. Ni ya bei nafuu, hupatikana hata kwenye maduka ya dawa ya mitaani, na kwa albicans kwa kawaida hufanya kazi. Kwa auris, takwimu za Marekani zinaonyesha kiasi cha asilimia 90 ya vimelea vilivyopimwa vikiwa sugu kwake, asilimia 30 hivi vikiwa sugu kwa amphotericin B, na chini ya asilimia 5 vikiwa sugu kwa kundi la echinocandin. Candida krusei ni sugu kwa fluconazole kwa asili yake. Kumpa mgonjwa wake dawa hiyo ni kumpotezea siku. Candida glabrata hushuka usikivu wake polepole kadiri dawa inavyotumika. Amphotericin B ya kawaida huumiza figo na ina masharti yake: huchanganywa na dextrose ya asilimia 5 peke yake, kwa kuwa ikitiwa kwenye maji ya chumvi huganda na kutua chini. Echinocandin ziliingia katika orodha ya WHO ya dawa muhimu 2021, lakini bei yake bado ni kikwazo kwa familia nyingi. Daktari asiye na jina la fangasi huchagua kati ya hizo kwa kubahatisha, na mgonjwa wa kubahatishiwa ni yule mtoto njiti, yule aliye kwenye mashine ya kupumulia, yule wa kusafishwa damu kwa sababu ya figo.

Kwa nini jina lipotee? Kwa sababu njia za maabara zilijengwa kumtambua albicans na kuwatia wengine wote katika kapu moja. Kipimo cha kwanza ni kile cha kuchipua mrija: fangasi kidogo hutiwa katika nusu mililita ya seramu, huachwa kwenye nyuzi joto 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha hutazamwa kwa hadubini. Akichipua, anaandikwa albicans. Asipochipua, anaandikwa "Candida asiye albicans" na kazi inaishia hapo. Ndani ya kapu hilo wamo krusei, glabrata, tropicalis, parapsilosis na auris, ambao matibabu yao hayafanani. Vifaa vya kutambua kwa sukari navyo vina mitego. API 20C AUX huweza kumwita auris Rhodotorula glutinis, fangasi mwingine kabisa, lakini Rhodotorula wa kweli ana rangi nyekundu ya matumbawe. Ukipata jina hilo na koloni lako ni jeupe au krimu, shuku mara moja. VITEK 2 yenye programu ya kabla ya toleo 8.01 humwita haemulonii. MicroScan imewahi kumwita famata, lusitaniae, guilliermondii na hata parapsilosis. Majina hayo yakitokea kwenye damu, yasipokelewe kama jibu. Yachukuliwe kama sababu ya kupima tena, na karatasi yenye orodha yake ibandikwe ukutani pale ambapo afisa wa maabara anaandikia majibu.

Maabara isiyo na MALDI-TOF, mashine inayomtambua kiumbe kwa uzito wa protini zake, bado ina njia. Kila fangasi atokaye kwenye damu na asiyechipua mrija apandwe upya kwenye sahani mbili za Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi, moja nyuzi joto 37, nyingine 42, na zitazamwe kwa saa 48. Auris huota kwenye 42, haemulonii haoti. Apandwe pia kwenye CHROMagar Candida, agari ya rangi, ambako albicans hutoka kijani, tropicalis bluu, krusei waridi lenye ukavu, na auris hutoka mweupe hadi waridi au zambarau hafifu. Hapa pana tahadhari ambayo mafunzo mengi huipitia haraka: glabrata na wengine kadhaa nao huweza kuota kwenye 42, na rangi ya glabrata haiko mbali na ya auris. Njia hii basi haithibitishi. Inachuja. Inaipunguzia maabara ya rufaa mzigo, ili kati ya fangasi kumi wasafirishwe wawili au watatu tu. Na kinachoiharibu mara nyingi ni kabati la joto lenyewe: kioo cha nje kikisema 42 na ndani ni 39, jibu lote ni bure. Kipimajoto cha pembeni, kilichozamishwa kwenye chupa ya maji ndani ya kabati na kusomwa kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, kinatosha kulizuia kosa hilo.

Wa kusafirishwa wasafiri kwenye mrija wa mshazari wa Sabouraud wenye kifuniko cha kusokota, si kwenye sahani. Sahani hutoa jasho katika joto letu, hufunguka, na zikipinduka huchanganya wageni na wenyeji. Mrija ufungwe kwa karatasi ya kunyonya majimaji, utiwe katika chombo cha pili kisichovuja, kisha sanduku gumu la nje lenye alama ya UN3373, alama ya kimataifa ya sampuli za maabara. Hauhitaji barafu. Kutoka Mombasa hadi Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust ya Uingereza wana kituo cha utafiti tangu 1989, ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Hadi maabara za taifa Nairobi ni safari ya usiku mmoja. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi yanayosema nani analipa nauli, jibu linarudi kwa siku ngapi, na linarudi kwa nani kwa jina la cheo chake. Bila kipengele hicho cha mwisho majibu hulala kwenye barua pepe ya mtu aliyekwisha kuhamishwa.

Lakini hata kabla ya kuota kuna kuchukua damu, na hapa ndipo tunapopoteza wengi zaidi. Hata ikifanywa vizuri, damu ya kuoteshwa hukamata karibu nusu tu ya maambukizi ya ndani ya Candida. Ikifanywa vibaya hukamata wachache kuliko hapo. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na seti mbili za chupa mbilimbili kutoka mahali pawili tofauti, yaani takriban mililita 40 kwa jumla. Chupa moja yenye mililita tatu si kipimo. Mtoto mchanga atatoa moja hadi tatu kulingana na uzito wake. Damu itolewe kabla ya dawa ya fangasi kuanza, ngozi ikiwa imesafishwa na kuachwa ikauke, na kifuniko cha mpira kifutwe kwa spiriti. Chupa ikishatiwa damu isiwekwe kwenye friji. Hata hivyo isisahauliwe pia kwenye dirisha la wodi mwezi wa Februari. Chupa inayochukuliwa hospitali ya ng'ambo ya Likoni, ikasubiri gari, ikasubiri feri, ikasubiri zamu ya maabara upande wa kisiwani, huenda fangasi wakaanza kuota humo ndani kabla haijaingia kwenye mashine ya kuotesha damu. Mashine husaka mabadiliko. Ikikuta ukuaji umekwisha kupita kasi yake, huenda isione mabadiliko yoyote na ikatangaza hakuna kitu. Kwa hiyo saa ya kutoa damu na saa ya kuingiza chupa ziandikwe zote mbili, na chupa iliyochelewa ipandwe kwenye sahani bila kusubiri kengele.

Upimaji wa usugu una mitego yake pia. Kwa auris hakuna kipenyo rasmi cha duara tupu linalozunguka kidonge cha dawa cha kupimia, hivyo anayesoma fluconazole kwa rula na kulinganisha na jedwali la albicans anajidanganya. Viwango vinavyotumika, yaani kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia fangasi kuota, ni vya muda, vilivyopendekezwa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwa mikrogramu katika mililita: fluconazole 32 au zaidi ni sugu, amphotericin B 2 au zaidi, micafungin na anidulafungin 4 au zaidi, caspofungin 2 au zaidi. VITEK 2 hupandisha kiwango cha amphotericin B cha auris kuliko hali halisi, kwa hiyo jibu la "sugu" lithibitishwe kwa ukanda wa Etest kabla daktari hajaiacha dawa hiyo. Kati ya echinocandin, micafungin au anidulafungin zinafaa zaidi kwa kupimia, kwa sababu caspofungin huweza kuonyesha ukuaji wa kupotosha kwenye viwango vya juu.

Sasa tuzitazame hoja za wanaopinga, kwa kuwa si zote ni dhaifu. Iliyo nzito ni hii: bakteria wanaua watu wengi zaidi. Katika wodi za watoto wachanga, Klebsiella na Acinetobacter sugu ndio adui wa kila wiki, na shilingi moja iliyopo iende huko. Nakubali mwelekeo wa hoja hiyo. Nisichokubali ni kwamba lazima tuchague. Candida huota katika chupa ileile ya hewa inayotumika kwa bakteria, katika mashine ileile, chini ya mikono ileile. Gharama ya ziada ni sahani mbili, agari ya rangi na nafasi katika kabati la pili la joto. Anayejenga huduma nzuri ya kuotesha damu kwa ajili ya Klebsiella amekwisha kuilipia sehemu kubwa ya ufuatiliaji wa fangasi. Amebakiza kuuliza swali moja zaidi pale chachu, yaani fangasi wa namna ya Candida, inapoonekana kwenye hadubini.

Hoja ya pili inatoka kwa wasimamizi: kutangaza fangasi sugu kutaleta taharuki, watu watakimbia hospitali, wagonjwa watanyanyapaliwa. Woga huu una msingi. Ndiyo maana taarifa kwa kaunti itumie namba ya siri ya hospitali na isibebe jina la mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ila siri kwa umma si siri kati ya waganga. Mgonjwa anayehamishwa akiwa amebeba auris ni lazima apokelewe na watu wanaojua. Wahenga wa Pwani walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuka si mwenye kuficha peke yake, bali na jirani wa kitanda chake kipya.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: "Huku kwetu hatujasikia kesi." Kutosikia kuna maana pale tu mtu anaposikiliza. Maabara inayoandika "Candida asiye albicans" itaripoti auris sifuri mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa kumi, hata wodi ikijaa. Sifuri ya namna hiyo isijazwe kwenye fomu kama sifuri. Iandikwe "haikupimwa". Mabadiliko hayo ya neno moja yangeifanya ramani ya kaunti isomeke tofauti kabisa, na hayahitaji ufadhili wa mtu yeyote. Tena wagonjwa wa Pwani hawatulii mahali pamoja: wanatoka Lamu, Tana River, Kwale na Taita Taveta kuja hospitali za rufaa za Mombasa, wengine wanapandishwa wodi za mahututi (ICU) za Nairobi, na wenye uwezo wanakwenda kutibiwa India na kurudi. Kudhani kwamba fangasi aliyeota katika zaidi ya theluthi ya wagonjwa wenye Candida damuni katika hospitali moja ya Nairobi hajawahi kushuka na mmoja wao hadi pwani ni kudhani jambo gumu sana.

Kuwapima wote wanaolazwa sitaki, na sidhani kuna hospitali hapa itakayoweza. Wapimwe walio hatarini: aliyehamishwa kutoka ICU nyingine, aliyelazwa nje ya nchi hata usiku mmoja katika miezi 12 iliyopita, na waliokaa chumba kimoja na mgonjwa aliyethibitishwa. Kijiti kimoja cha pamba hupitishwa kwapa la kushoto mara tano kwenda na kurudi, kisha la kulia, halafu mikunjo ya kinena pande zote mbili vivyo hivyo, na hutiwa kwenye mrija wa majimaji ya Amies, ya kuhifadhia sampuli. Pua na koo peke yake havitoshi. Maabara hukiingiza kwenye mchuzi wa Sabouraud wenye chumvi asilimia 10 na sukari ya dulcitol, pamoja na antibayotiki ya kuzuia bakteria, kwenye nyuzi joto 40 hadi siku tano. Candida wengi hushindwa na chumvi hiyo na joto hilo, auris hustahimili. Aliyekutwa na auris bila ugonjwa hapewi dawa, kwa sababu hakuna tiba iliyothibitishwa ya kumwondoa kwenye ngozi. Anatengwa kwa vitendo: chumba chake ikiwezekana, au kona ya wodi yenye kipimajoto chake, kitambaa chake cha kupimia presha na stetoskopu yake. Kati ya 2015 na 2017, katika ICU ya mishipa ya fahamu jijini Oxford, wagonjwa 70 waliambukizwa au kubebeshwa auris, na chanzo kikuu kikagunduliwa kuwa vipimajoto vya kwapani vilivyotumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Hawakukigundua kwa kuangalia damu tu. Waliorodhesha kila kifaa kilichomgusa kila mgonjwa.

Usafi nao una hesabu yake. Dawa za kusafishia zenye amonia ya kwatenari peke yake hazimmalizi auris kwa uhakika, hata zinukie vipi. Klorini ya sehemu 1,000 kwa milioni inafaa, lakini uso uoshwe kwanza kwa sabuni na maji, kwa kuwa damu na uchafu huila klorini. Chupa ya jiki inayosema asilimia 3.5 ina gramu 35 kwa lita. Pima mililita 285, jaza maji hadi lita 10, paka, acha uso ukiwa na unyevu kwa dakika 10, kisha futa kwa maji pale penye chuma ili pasishike kutu. Soma lebo kila ununuapo, maana nguvu hutofautiana. Mchanganyiko wa jana umwagwe: joto na mwanga wa Mombasa huidhoofisha klorini, zaidi ikiwa kwenye ndoo wazi. Mikono ni rahisi kuliko vitanda, kwa sababu spiriti ya kupaka humuua fangasi huyu vizuri kama mikono haina uchafu wa kuonekana.

Aspergillus fumigatus anahitaji maneno machache ya kando. Huyu hapiti mikononi. Mbegu zake zimo hewani, na usugu wake mara nyingi huanzia shambani, ambako dawa za jamaa ya azole, ukoo mmoja na fluconazole, hunyunyiziwa mazao. Aina sugu za namna hiyo ziliwahi kupatikana kwenye udongo wa Tanzania, zikaripotiwa 2014. Kwa hospitali yenye ukarabati wa jengo karibu na wagonjwa wa saratani, ufuatiliaji wake ni vumbi, mapazia ya plastiki na vichujio vya hewa, si vijiti vya kwapani. Asichanganywe na auris kwenye fomu moja.

Taarifa ziende wapi? Programu ya WHONET, ya kutunza na kuchambua majibu ya maabara, haina malipo na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. WHO, kupitia GLASS, mfumo wake wa kufuatilia usugu duniani, ilitoa mwongozo wa kuingiza Candida wa damuni 2019. Sharti la kwanza la hesabu ni kimelea cha kwanza tu kwa kila mgonjwa. Mtu mmoja aliyetolewa damu mara sita asihesabiwe kama watu sita sugu. La pili, asilimia ya usugu isitangazwe kwa spishi yenye vimelea chini ya 30. Zitajwe namba zenyewe, tatu kati ya saba, msomaji ajue udogo wake. La tatu, aliyebeba na aliyeugua waandikwe safu tofauti. La nne, kila idadi iwe na kigawanyo. ICU yenye siku za wagonjwa 280 kwa mwezi na wapya wawili ina 7.1 kwa kila siku 1,000, na ndiyo namba inayoweza kulinganishwa na ICU yenye vitanda mara tatu. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inaziunganisha kaunti sita ambazo wagonjwa wao tayari wanapishana kwenye vitanda vilevile, kwa hiyo fomu moja ya rufaa kwa zote sita, yenye mstari wa kuuliza "ana kimelea sugu? kipi? kipimo cha lini?", ingefanya kazi kubwa kuliko kongamano lolote. Mstari huo ukiachwa wazi, wodi inayopokea ipige simu kabla ya kumpangia mgonjwa kitanda.

Hospitali itakayoanza haya itaona kesi zikipanda mwaka wa kwanza, na ni lazima wanaosoma hesabu hizo kaunti wajiandae, la sivyo wataiadhibu hospitali iliyosema kweli na kuisifu iliyofumba macho. Tuseme hospitali moja imeotesha damu mara 40 ikapata Candida mmoja, na nyingine mara 400 ikapata sita. Ya pili inaonekana mbaya mara sita, ilhali ni asilimia 1.5 dhidi ya 2.5. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao liwe ni chupa ngapi zilichukuliwa robo hii na ngapi robo iliyopita. Chupa zikiongezeka maradufu na kesi maradufu, kilichobadilika huenda ni jicho la maabara tu. Chupa zikiwa zilezile na kesi zimeongezeka, tena wagonjwa watatu wa wodi moja ndani ya wiki mbili, wenye spishi moja na usugu wa aina moja, basi msubirishe mhasibu, shukeni wodini siku hiyohiyo na mwanze na vipimajoto.